Panga la Propela la Lubunga

"Abiria wapendwa, mabibi na mabwana! Uongozi una heshima na huzuni kuwatangazieni kwamba kipande cha mwisho cha ndege ya mwaka 1968 kimeondoka Lubunga alfajiri ya leo, kuelekea mahali pasipojulikana. Abiria wote arobaini na wanne wamo ndani. Tafadhali fungeni mikanda."

Tangazo hilo, ambalo kwa uzito wake lingestahili kusomwa na waziri, lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya daftari na kubandikwa kwenye msalaba wa kumbukumbu kwa tonge la fufu, ugali wa muhogo. Lilipogunduliwa, Ijumaa tarehe 11 Mei 2001, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbuzi wa mpishi alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, anatafuna. Fufu ilimvutia, na mstari wa mwisho ukaenda nayo. Ushahidi uliofika mikononi mwa polisi uliishia kwenye neno "ndani".

Aliyeligundua ni Mama Nyota, mjane wa miaka sitini na mitatu, aliyekuja kung'oa majani kabla ya ibada ya kila mwaka ya kuwakumbuka marehemu. Hapo, nyuma ya shule ya bweni ya Lubunga, ng'ambo ya mto mkabala na mji wa Kisangani, ndege ilianguka miaka thelathini na mitatu iliyopita. Ubao wa saruji una majina arobaini na matatu. Kando ya msalaba, kwenye nguzo ya chuma, lilining'inia panga moja la propela, lililovunjika nusu. Kila mwaka Mama Nyota huligonga kwa nondo, mara moja kwa kila marehemu. Wanafunzi, ambao husimama juani kwa ajili hiyo, walikuwa wamehesabu zamani: mama hugonga mara arobaini na nne. Bwenini maelezo yalikuwa mafupi. Mama mzee hajui kuhesabu.

Asubuhi hiyo nguzo ilikuwa tupu.

Saa moja na dakika kumi alifika Papa Wenceslas, afisa wa upelelezi wa Lubunga, kwa miguu, kalamu ameazima kwa Monsieur Hubert, mkuu wa nidhamu wa shule. Alizunguka nguzo mara mbili.

"Mwizi amefungua fundo," alisema hatimaye. "Hakukata."

"Na waya ameacha," alisema Monsieur Hubert.

"Njo hiyo inanisumbua. Vita iko, mutu anakuja kuiba chuma, na anaacha waya muzuri hivi? Wenye toleka, baiskeli za kubeba abiria, wangeupigania."

Waya ulining'inia kwenye mkono wa kushoto wa msalaba, umekunjwa kwa duara za ukubwa mmoja, na duara la mwisho limekatiza katikati kama mkanda kiunoni. Wenceslas aliuchora. Kisha akafuata mkanda wa nyasi zilizolala, upana wa blanketi, hadi kwenye njia ya matofali ya shule. Hapo alama zilikwisha.

Wanafunzi walikuwa wamepangwa safu. Miongoni mwao alikuwepo Élie, miaka kumi na sita, kijana ambaye kwa unyenyekevu tunaweza kumwita nguzo ya nidhamu. Asubuhi ile alikuwa amenawa mikono kwa sabuni mara tatu, hadi Monsieur Hubert akamtaja mbele ya wenzake kama mfano wa usafi.

Saa mbili kamili alikuja luteni wa kituo cha jeshi, na askari wawili. Yeye hakuhitaji kuchora chochote.

"Alfajiri moshi ulikuwa unatoka kwa Lukumani," alisema. "Fundi wa sufuria. Anayeyusha aluminiamu. Panga liko aluminiamu. Alors?"

Walikwenda wote. Karakana ya Papa Lukumani ilikuwa paa la mabati juu ya shimo la makaa, hatua mia tatu kutoka msalabani. Mzee mwenyewe, kofia nyeupe kichwani, alikuwa ameketi kwenye kigoda kana kwamba anawangoja.

"Papa," alisema Wenceslas, "leo umewasha moto saa ngapi?"

"Nyuma ya sala ya alfajiri."

"Kila mwaka, tarehe hii, hauwashi moto. Mutaa wote unajua."

"Mwaka huu nimewasha."

"Umeyeyusha nini?"

Mzee alitazama mikono yake. "Kitu yangu."

Askari mmoja aliufukua mchanga wa kalibu na kuinua kibamba cha aluminiamu, kidogo kama kiganja, bado kina joto. Juu yake palikuwa na namba: 44. Luteni aliiweka karatasi ya msalabani kando ya kibamba. Abiria arobaini na wanne. Ubao wa saruji ulisema arobaini na watatu.

"Wewe njo unajua hesabu ya mwizi," alisema.

"Chef, ngoja," alisema Wenceslas. "Hicho kibamba hakifiki nusu kilo. Panga lile ni sufuria kumi. Ingine iko wapi?"

"Atatuonyesha kambini. Saa sita pirogue inavuka mto."

Walimfunga mikono kwa kamba. Hakuna mtu Lubunga aliyehitaji kuelezwa maana ya kuvuka kwenda kambini katika miaka ile. Mzee wa miaka sabini angerudi amebebwa, au asingerudi. Njia yao ilipita mbele ya safu za wanafunzi. Élie alimwona vizuri, kamba na kofia. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, jambo ambalo wengi walilichukua kuwa huruma.

Saa tatu na nusu, chini ya ukuta wa kituo, Wenceslas alimpa mfungwa maji.

"Tonton, niambie. Mimi si luteni."

Lukumani alikunywa kwanza. "Wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Sitini na tatu."

"Donc ulikula. Ndege ilipoanguka, watoto waliniletea vipande. Nikanunua. Nikayeyusha. Nusu ya Lubunga ilipika mboga ya pondu ndani ya sufuria zangu, na hakuna aliyeuliza chuma inatoka wapi. Mama yako alikuwa nayo moja, yenye masikio mawili."

Wenceslas aliikumbuka ile sufuria. Ilikuwa bado nyumbani kwa dada yake.

"Ya mwisho nilibaki nayo," alisema mzee. "Sikuweza kuuza, sikuweza kutupa. Mwaka huu Mama Nyota yuko mgonjwa wa kifua. Nikasema, kabla hajafa, nimrudishie. Nimevunja sufuria, nimetengeneza kibamba cha yule wa arobaini na nne. Jina ningechonga nyuma ya sala ya Ijumaa."

"Kwa nini haukusema mbele ya watu?"

"Niseme nini? Kwamba nilipikia watu ndani ya kaburi?"

Ilikuwa sababu ya kweli, lakini haikuwa ushahidi. Saa nne na nusu Wenceslas alirudi shuleni, amebakiza saa moja na nusu. Alisimama uwanjani, akaitazama bendera, kisha akatazama kamba yake. Ziada ya kamba ilikuwa imekunjwa kwa duara za ukubwa mmoja, duara la mwisho limekatiza katikati, na kuning'inizwa kwenye msumari wa kushoto.

Alitoa mchoro wake mfukoni.

"Monsieur Hubert, nani anakunja kamba hivi?"

"Wanafunzi wa zamu ya bendera," alisema Hubert kwa fahari. "Nimewafundisha mimi, kwa fimbo. Sasa hivi hata ukiwaamsha usingizini watakunja vile. Mwaka huu wako sita."

"Niletee wote sita. Na Mama Nyota."

Walikusanyika kwenye chumba cha walimu saa tano kasoro robo. Mama Nyota aliketi karibu na mlango, nondo yake mapajani. Wenceslas aliwauliza vijana mmoja mmoja walikuwa wapi alfajiri, na wote sita, jambo la ajabu katika historia ya shule, walikuwa kanisani wakisali. Hakubishana nao. Aliiweka mezani karatasi iliyotafunwa.

"Hii lazima inakiliwe kwenye faili, kabla haijaharibika zaidi. Nani ana mwandiko muzuri?"

Watano walimnyooshea kidole Élie, na Élie, kwa moyo wake wa kujitolea, hakukataa. Aliketi. Aliandika kwa wino, kwa herufi zilizolala vizuri, kichwa upande. Baada ya maneno machache hakuitazama tena karatasi. Alipomaliza alipuliza wino ukauke.

"Soma," alisema Wenceslas.

Élie alisoma, na alisoma vizuri, kwa sauti ya uwanja wa ndege, hadi mwisho.

"Rudia mustari wa mwisho."

"Tafadhali fungeni..." Élie aliweka kalamu chini.

Wenceslas alisukuma karatasi ya msalabani mbele yake. "Nionyeshe hapa. Fungeni mikanda iko wapi?"

Palikuwa na alama za meno ya mbuzi.

"Wako wawili tu waliosoma huo mustari," alisema Wenceslas taratibu. "Mbuzi, na mwenye kuuandika. Na mbuzi hajui kukunja waya."

Msomaji mwenye akili alishajua tangu aya ya kwanza, ambapo mstari huo umeandikwa mzima, kwa sababu aliyeuandika aliupenda mno kuuacha. Nguzo ya nidhamu haipo. Élie ni mimi.

"Panga liko wapi?" aliuliza Wenceslas.

"Ndani ya shimo la kulowekea muhogo. Nyuma ya jikoni."

"Njo maana ya sabuni," alisema Monsieur Hubert kwa sauti ndogo. Harufu ya muhogo uliolowekwa haitoki kwa kunawa mara tatu. Haitoki hata kwa kumi.

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna. Nililivuta juu ya blanketi langu."

"Sababu?"

Nilikuwa na maneno mengi maisha yangu yote. Siku hiyo yalibaki haya: "Nilitaka watu wacheke. Kila mwaka tunasimama juani, na mama anagonga moja zaidi. Tulisema hajui kuhesabu."

Nilifikiri Wenceslas angenipiga. Aligeuka kumtazama Mama Nyota, nami ikanibidi nimtazame pia.

"Anaitwa Daudi," alisema mama. "Alikuwa na miezi saba. Mimi nilikuwa na homa, baba yake akampeleka kwa nyanya yake, amempakata. Kwenye kampuni ya ndege nikasema, andikeni na mutoto. Wakasema abiria ni mwenye tiketi." Alifuta nondo kwa ncha ya kitenge. "Mimi hesabu najua, mwanangu. Nimeuza samaki miaka makumi ine."

Hakuna aliyecheka. Wenceslas alichukua kofia yake.

"Ulimwona Lukumani anapita na kamba?"

"Nilimwona."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro dakika kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Nilitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini. Kosa la alfajiri ningeweza kuliita utoto. Hayo masaa mawili na nusu sina jina la kuyapa. Nilikuwa na neno moja la kumwokoa mtu, na nililiweka mdomoni kama pipi.

Tulikimbia hadi mtoni. Pirogue ilikuwa imeshasukumwa majini, mzee ameketi katikati, askari anashika kasia. Nilisema yote mbele ya luteni, mbele ya wauza samaki, mbele ya baba na mama wa wenzangu. Luteni alisoma tangazo langu, akacheka kwa nguvu. "Mutoto wa masomo," alisema, "una akili kabisa." Ni yeye peke yake aliyecheka, na ndiye mtu niliyekuwa nimemwandikia bila kujua.

Walimfungua Papa Lukumani. Nilipiga magoti kwenye matope kuomba msamaha. Alikuwa anasugua viganja, hakunitazama. "Simama," alisema. "Mimi pia nilikawia kusema. Miaka makumi tatu."

Nililitoa panga shimoni mwenyewe, mikono hadi mabegani. Ibada ilianza saa nane, baada ya sala ya Ijumaa. Waya ulikuwa umefungwa kwenye bahasha kama kielelezo, na Wenceslas alikataa kuutoa.

"Sheria ni sheria," alisema. "Panga litashikwa na mutu."

Nililiinua mbele ya kifua, mbele ya shule nzima, nikinuka. Kwenye ubao wa saruji, chini ya jina la arobaini na tatu, Lukumani alikuwa amekaza kibamba chake kwa misumari miwili. Mama Nyota alikaribia, akainua nondo. Kila pigo lilipita kwenye chuma, likaingia viwikoni, likafika kwenye meno. Kwenye la ishirini panga lilianza kuniteleza, nikalikaza kifuani. Kwenye la arobaini machozi yalikuwa yananishuka, na sikuwa na mkono wa kuyafutia.

La mwisho aligonga polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha aliyelala.

Nilikuwa nimehesabu yote. Mama hakukosea hata moja.