Kishikio cha Mninga

Kishikio cha pili cha mchezo kilikuwa na joto. Tatu alidhani ni jua la dirishani, kumbe dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Wala hakushtuka. Tangu wamzike Batuli, mtoto wao wa pekee, siku arobaini na mbili zilizopita, hakuna kilichomshtua tena. Hata foleni ya sukari pale duka la ushirika aliipita kama hakuiona.

Ule mchezo wa televisheni ulikuwa wa Batuli. Mjomba wake Selemani, mtu wa reli, alimwahidi, akaununua Kigoma kwa wachuuzi wa Zaire pamoja na televisheni yake ndogo, ukafika Tabora mwenyewe keshazikwa. Vijiti viwili vyeupe kwenye kioo, kitone kinarushwa huku na huku, na vishikio viwili vya kuzungusha, kila mchezaji na chake. Kimoja kilifika kimevunjika. Basi Twalibu, baba Batuli, fundi redio wa Gongoni, akaishika kazi ya kukitengeneza, maana mikono yake ikitulia tu analia. Alijaribu kishikio cha redio mbovu, kikawa kidogo. Kizibo cha soda kikateleza. Mwisho akachonga kipande cha mbao ya mninga alichokikuta chini ya meza yake ya kazi, kikakaa barabara.

Saa nane mchana, mumewe akiwa kibandani kwake uani, Tatu akauwasha mchezo peke yake. Tok. Kitone kikaenda upande wa pili, ambako hakuna mtu. Tok. Kikarudi.

Akacheza. Akacheza kesho yake, na keshokutwa, kile kishikio cha mninga kikizunguka chenyewe juu ya mkeka, taratibu, kama kinapimwa na vidole vidogo, na harufu ya kafuri ikipanda chumbani, kafuri ile ile aliyopakwa mtoto siku ya kuoshwa, mpaka ikamkaa Tatu kooni, mpaka akawa haisikii tena, na moyo wake hauna hofu wala furaha, upo upo tu.

Siku ya nne Twalibu akaingia kuchukua koleo.

"Unacheza na nani?" akanong'ona.

"Na mwanao."

Twalibu akakitazama kile kishikio kinavyozunguka.

"Lahaula! Mama Batuli, ule mninga... zile mbao za mwanandani, za kumfunikia mtoto kaburini, nilizipasua mwenyewe pale kibandani. Kipande kilibaki."

Jamani, mtu gani wa Tabora asiyejua kwamba kilichobaki kwenye mbao za kaburi huzikwa pamoja na maiti? Twalibu alijua tangu utotoni. Uchungu ulimpofusha.

Alasiri ile ile Twalibu akamleta Maalimu Abbasi na chetezo cha ubani. Alisoma mpaka jasho likamtoka, kisha akamgeukia Tatu.

"Huyu si mtoto, mama. Ni jini. Mimi siwezi kumtoa, maana wewe ndiye uliyemkaribisha. Mwambie mara tatu: toka, wewe si mwanangu. Usipozitimiza, hatoki tena, na atakumaliza kidogo kidogo."

"Najua si Batuli," Tatu akasema. "Batuli hana subira. Akikosa mara mbili anasusa, anakwenda zake jikoni. Huyu hakosi."

"Kumbe unajua!"

"Tangu siku ya kwanza, Maalimu."

Twalibu akamshika mkono. Tatu akasema, "Toka, wewe si mwanangu." Kioo kikatetemeka na harufu ya kafuri ikapungua. Akasema mara ya pili. Kishikio kikasimama tuli, na chumba kikawa kitupu, kitupu kama siku ile wanaume waliporudi kutoka makaburini wakiwa mikono mitupu, na yeye amesimama mlangoni hajui akae wapi.

"Malizia, mke wangu," Twalibu akambembeleza, machozi yanamtiririka. "Imebaki moja tu. Nakuomba."

Tatu akafungua mdomo. Kisha akaufumba. Akauchomoa mkono wake taratibu, akakaa mkekani, akashika kishikio chake.

"Haya, mwanangu," akasema. "Anza wewe."