Gia Fupi ya Nyasani

Kichwa cha gia kilikuwa na joto. Datsun ilikuwa imelala nje usiku kucha, vioo vimejaa umande, ukungu wa Ikonge umefunika majani chai hadi ukingo wa barabara, na injini ilikuwa haijawashwa. Nyasani aliweka mkono wa kushoto pale, akaona kile kijiwe cheupe kilichochongwa na mafundi wa Tabaka kina joto kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi. Mwenye akili angeshuka. Nyasani alifuta kiganja kwenye suruali, akatia ufunguo.

Alikuwa na haraka ya kulitoroka kanisa. Ilikuwa Sabato, na mama yake, Drusilla, alikuwa ametangulia na Biblia yake kwapani, akiamini mwanawe ana homa. Homa gani! Mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, mwimba besi wa kwaya, alikuwa amejifunika blanketi na kukohoa kama mbuzi ili mama amwachie asubuhi moja.

Na yote hayo ni kwa sababu ya fimbo ya gia. Kesho yake, Jumapili, dada yake Sheila angeolewa, na Datsun hiyo ya zamani ndiyo ingempeleka bibi harusi hadi Manga. Nyasani hangeweza kuonekana na wakwe akiendesha gari lenye fimbo ile. Marehemu baba yake, Mzee Onsongo, mzee wa kanisa aliyeheshimika, aliipeleka mwenyewe kwa mchomeleaji ikaongezwa chuma mpaka kichwa chake kikafika kifuani mwa dereva. Kubadilisha gia ilikuwa kama kusonga ugali wa matanga. Vijana wa boda boda waliiita mwiko. Mzee alicheka nao na hakueleza kitu, na alipokufa, mwanawe akarithi gari pamoja na dhihaka.

Tangu mazishi, Drusilla alikuwa amemkataza kuigusa fimbo hiyo. Kwa nini, hakusema. Mke wa mzee wa kanisa hasemi mambo kama hayo. Hukaza midomo na kujibu, "Wacha ilivyo," akidhani ukimya ni heshima. Mama mwenye aibu na mwana mwenye kiburi: shetani anahitaji mlango gani mwingine?

Mafundi wa Ikonge walikuwa kanisani kama kila mtu. Kwa hiyo Nyasani alishuka hadi Kisii mjini, kwa Sadiq, fundi Mwislamu aliyefanya kazi Jumamosi na asiyemjua hata mshiriki mmoja wa kanisa lao.

"Buda, hii ni gia ama ni mwiko?" Sadiq aliuliza, akiinamia dirishani.

"Kata. Nataka ile fupi ya gari za mashindano. Nikigusa tu, iwe imeingia."

Sadiq aliipenda kazi hiyo. Aling'oa zulia, akafungua mfuniko, akaichomoa fimbo. Alifupisha sehemu ya juu na kurefusha ile ya chini ya egemeo, ili mkono ukisogea kidogo gia iwe imeshapata mahali pake. Alikuwa amelala kifudifudi kati ya viti wakati mama yake, Batuli, alipoleta chai. Bibi huyo alisimama mbali na gari, akanusa. Kulikuwa na harufu ya nywele mbichi zinazokaushwa motoni.

"Sadiq, toka ndani ya hiyo gari," alisema polepole. Kisha akamgeukia Nyasani. "Nani alirefusha hiyo fimbo?"

"Baba yangu."

"Na alikufa na mikono yake yote miwili?"

Nyasani aliguna. "Mama, sisi ni Wasabato. Hayo mambo ya majini tumewaachia nyinyi." Kana kwamba jini huuliza kadi ya ushirika kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu.

Batuli hakukasirika. Alionyesha kwa kidevu ile nafasi kati ya viti. "Baba yako alijua kuna mtu amekaa hapo chini. Akainua mkono wake juu ndio asimguse. Sasa wewe unaushusha."

Sadiq aliweka spana chini.

"Fundi mzima unaogopa hadithi za wamama?" Nyasani alimwuliza. Na Sadiq, ambaye alikuwa ameshaanza kutoka, alirudi kukaza nati. Aliogopa kuonekana mwoga, jambo ambalo limewazika wanaume wengi kuliko malaria.

Fimbo mpya ilikuwa na urefu wa ndizi mbivu. Kiganja cha Nyasani kilishuka karibu na sakafu, na gia ziliingia kwa mguso tu. Moja, mbili, tatu, nne. Alicheka peke yake barabara nzima ya Nyamira. Karibu na nyumbani alisukuma tena baada ya gia ya nne, kwa mchezo tu, na fimbo ikateleza kushoto, ikazama mahali pa tano, polepole, kama mguu unapoingia kwenye tope. Chini ya zulia mtu akashusha pumzi.

Gari lile lilikuwa na gia nne. Nyasani alirudisha fimbo, akamlaumu Sadiq kwa kazi ya ovyo, kisha akaifunika kwa kitambaa cheupe cha kupambia harusi, mama asije akaona. Jioni alimwambia homa imepungua. Drusilla alimshukuru Mungu kwa sauti.

Jumapili walipanda kuelekea Manga. Sheila alikuwa nyuma na shela lake, Drusilla kando yake, na magari ya watu wa harusi yalikuwa yameachwa mbali kwa sababu Nyasani alitaka kuwaonyesha mbio. Ukungu ulikuwa umeushika mlima. Kulikuwa na harufu ya nywele mbichi, na Sheila alifungua dirisha akisema pengine kuna kitu kinaungua. Waliposhika mteremko, upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila weupe, na chini yake bonde.

Nyasani alishusha mkono kutafuta gia ya pili, na chini ya kitambaa hakukuta jiwe, alikuta kiganja kimegeuzwa juu, chenye joto na unyevu, kikimngoja, na kabla hajavuta mkono vidole virefu vilipita katikati ya vidole vyake na kufunga, taratibu, kama vya mtu aliyekaa miaka mingi bila kusalimiwa na yeyote.

"Kaka, mbona unakimbia hivyo?" Sheila aliuliza.

Nyasani alijaribu kuuchomoa mkono, ukakataa. Mkono wake ulipelekwa moja, mbili, tatu, nne, kisha kushoto na chini, mahali pale pa tano, na injini ikanyamaza kabisa huku gari likizidi mbio, na breki alipozikanyaga zilikuwa laini kama mto wa kulalia, na Sheila akaanza kulia na kuita jina la Yesu, na kitambaa cha harusi kikaanguka, na Drusilla, aliyekuwa ameinama kumshika bintiye, akaona kile kifimbo kifupi na mkono wa mwanawe uliokuwa umekazwa hapo hadi kucha zimekuwa nyeupe.

"Umeikata," alinong'ona. "Umekata fimbo ya baba yako."

"Mama, inanishika! Nyasae one, Mungu wangu, imenishika!"

Drusilla hakuomba. Mwanamke huyo aliyefundisha watoto wa Sabato kwa miaka mingi aliinama kati ya viti, akasema na sakafu kwa Ekegusii, kwa upole wa mtu anayezungumza na mpangaji wa siku nyingi.

"Tulikupa mahali pa kukaa. Mzee alikuachia hapo chini, na mikono yetu ikabaki juu. Hatukukuvunjia ahadi sisi. Msichana huyu hana kosa, mwachie harusi yake." Akameza mate. "Chukua mkono uliokugusa."

Nyasani alimsikia mama yake akimtoa kama jogoo wa wageni. Kisha kitu chenye joto kilimpanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, kikatulia humo. Injini ikanguruma, breki zikashika. Gurudumu la mbele lilisimama kwenye majani ya ukingoni, na mawe yaliyong'oka hawakuyasikia yakifika chini.

Harusi ilifana. Wakwe walimsifu dereva.

Sadiq aliichomelea fimbo ikarudi urefu wake wa zamani, na siku hizi kichwa chake huwa baridi asubuhi kama jiwe lolote. Hakuna tena anayekaa hapo; aliyekuwapo amehama. Mkono wa kushoto wa Nyasani haulali. Mchungaji akihubiri, hutembea wenyewe pajani mwake: moja, mbili, tatu, nne, kisha kushoto na chini. Aliyetaka gia fupi sasa anayo isiyo na fimbo kabisa. Drusilla huwaambia watu ni mishipa, waendelee kumwombea, naye mwenyewe hukaa upande wa kulia wa mwanawe, kila Sabato bila kukosa.

Sheila alikuja kusali Ikonge baada ya mvua za masika, amenenepa, ana furaha, mumewe Mose akimfuata na mwavuli. Baada ya ibada, watu walipokuwa wakisalimiana uani, alimkimbilia kaka yake.

"Msalimie kwa mkono wa kulia," Drusilla alisema haraka.

"Kwa nini, mama?"

Drusilla alimtazama mchungaji. Akawatazama akina mama wa kanisa na Biblia zao, wote wamesimama karibu, wote wana masikio. Akakaza midomo.

"Wewe fanya tu."

Sheila alicheka. Maisha yake yote alikuwa amepewa makatazo ya namna hiyo, na sababu hajawahi kupewa hata moja. Aliushika mkono wa kushoto wa Nyasani kwa mikono yake miwili.

"Huu ndio ulionifikisha Manga salama," alisema.

Mkono ukatulia. Tangu harusi haukuwa umetulia hata mara moja. Vidole vikafunguka, vikapita katikati ya vidole vya Sheila, vikafunga. Drusilla alibaki akitabasamu, kwa sababu watu walikuwa wakiwatazama.

"Kaka, legeza basi," Sheila alisema, naye bado anacheka. "Unaniumiza."

Nyasani alikuwa akivuta kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka kwenye kola ya kwaya.

"Si mimi," alisema.