Mashua ya Elcira Yapanda Lori

Asubuhi hiyo Elcira Mansilla alikuwa akikuna viazi jikoni kwa shemeji yake, karibu na bandari ya Quellón, kisiwani Chiloé. Nje mvua ilinyesha kama kawaida yake. Jiko la kuni liliwaka, soksi za watu zikining'inia juu yake. Mezani wanaume wawili walikuwa wakibishana, na kahawa zao zimeshapoa.

Mmoja alikuwa Rosamel, mumewe. Mwingine alikuwa Sixto, kaka yake Rosamel, mwenye nyumba. Ubishi wenyewe ulihusu mashua.

Mashua ilikuwa bandani. Ilikuwa mpya, ya mbao, ndiyo kwanza imetoka kwa fundi. Elcira na mumewe waliuza karibu kondoo wao wote ili kuinunua. Wao hawakuishi tena Chiloé. Waliishi mbali sana kusini, ng'ambo ya ziwa kubwa, mahali pasipofika barabara. Huko, bila mashua huna duka, huna daktari, na mtoto wako haendi shule. Mashua yao ya zamani, iliyokuwa ikiwavusha hata watoto wa jirani, ilikuwa imeoza. Shule ilikaribia kufunguliwa, na watoto wao walikuwa wamebaki huko na bibi yao. Mashua hii isipofika nzima, wangelazimika kufunga nyumba na kuhamia mjini. Na mjini Elcira alikuwa hataki hata kupasikia.

"Naipeleka mwenyewe, kwa maji," Rosamel alisema. "Mashua ipande gari? Watu watanicheka mpaka watoke machozi. Mashua ya kubebwa ni maiti."

"Na Ghuba ya Corcovado utaipitaje?" Elcira aliuliza bila kuacha kukuna. "Mashua haina hata paa."

"Babu aliivuka kwa makasia."

"Babu yako aliivuka mara ngapi?"

Sixto akajibu kwa niaba ya mdogo wake. "Mara moja na nusu."

Rosamel akanywa kahawa yake iliyopoa. Hata yeye alijua kwamba babu yao hakuonekana tena.

"Haya, tuseme umepita," Elcira aliendelea. "Bahari inafika ziwani kwetu? Haifiki. Kuna milima katikati. Lori utalitafuta tu, upende usipende. Sasa ya nini kuchezea roho yako?"

Wakati huo mlango ukafunguliwa. Aliingia jirani yao, Bi Nolfa Nahuelquín, na bakuli la hamira mkononi. Bi Nolfa alikuwa mjane. Kabla ya kustaafu aliendesha malori miaka mingi, akipeleka mashine, mabomba na mashua kusini.

"Kelele zenu zinafika hadi kwangu," alisema. "Nani kafa?"

"Bado hajafa," Elcira alisema. "Anataka kwenda kufa Corcovado. Kaa, Bi Nolfa. Wewe uliyebeba mashua, hii tuipelekeje?"

Bi Nolfa akaketi, akavua koti lililolowa.

"Mimi sijui mpaka niulize. Ya mbao au ya plastiki?"

"Ya mbao."

"Ilitengenezwa kwa bahari au kwa ziwa?"

"Ziwa," Rosamel alikiri. "Kuta zake ni fupi."

"Basi bahari kubwa isahau. Chombo kinasafiri chenyewe kama kimejengwa kwa maji hayo, na kama maji yanafika unakokwenda. Kwako yote mawili hayapo. Njia ya pili ni meli ya mizigo, lakini hiyo itakushushia bandarini, halafu? Ya tatu ni lori. Ninyi changanyeni. Lori lenye mashua liingie kwenye feri hapa Quellón, lishuke bandari ya Chacabuco, kule bara, kisha lifuate barabara hadi ziwani. Mashua inapakiwa mara moja tu, inashushwa mara moja tu. Kila ukiinyanyua na kuitua, ndipo inapoumia."

Elcira akaweka kikunio chini. "Nimesikia. Inapanda lori."

Rosamel alimtazama mkewe, kisha akainuka kutia kuni kwenye jiko.

"Lori ninalo mimi," Sixto alisema kwa furaha. "Rosamel ataliendesha. Na kupakia niachieni. Nimehamisha nyumba ngapi hapa kisiwani? Mashua nayo ni kitu?"

Ni kweli, Sixto alikuwa bingwa wa minga. Chiloé, mtu akitaka kuhama, mara nyingine huhama na nyumba yake nzima. Majirani hukusanyika na maksai wao, nyumba ikakokotwa juu ya magogo mawili marefu. Hakuna anayelipwa. Mwenye nyumba huwalisha watu wote mpaka washibe, na kazi hiyo ndiyo minga.

Siku ya kupakia watu walijaa uani. Maksai waliletwa. Kila mtu alikuwa bosi.

"Vuta huku!"

"Huku wapi? Unavuta mkia wa maksai au kamba?"

"Nyamaza wewe, ulikuja kula tu!"

Elcira alishughulika na shimo la mapishi. Ndani yake alipanga chaza, nyama ya nguruwe na viazi juu ya mawe ya moto, akafunika kwa majani makubwa. Mara kwa mara aliinua kichwa kutazama mashua yake. Sixto alilaza magogo mawili marefu juu ya lori, moja kushoto na moja kulia, vilevile kama anavyofanya kwa nyumba. Mashua ikakalishwa juu yake. Kisha akaipitishia kamba na kuivuta na wenzake wanne, wakaguna, wakavuta tena.

"Hii haitikisiki hata kwa tetemeko," Sixto alisema.

Watu wakapiga makofi. Wakala, wakanywa pombe ya tufaha. Kisha lori likaondoka polepole kuelekea bandarini, watu wakilifuata kwa nyimbo. Elcira alipanda mbele, kando ya mumewe. Alifurahi, lakini kila lori liliporuka shimo alisikia kitu nyuma yake. Kriii. Kriii.

"Umesikia?"

"Ni mbao mpya," Rosamel alisema. "Mbao mpya huongea."

Kwenye kona ya sokoni Bi Nolfa alikuwa akirudi na kikapu chake. Aliitazama mashua, akaweka kikapu chini katikati ya barabara, akainua mkono. Rosamel akafunga breki.

"Nani amepakia hivi?"

"Mimi," Sixto alisema, akija mbele. "Kuna nini?"

"Elcira, mwanangu, shuka. Njoo utie mkono hapa chini."

Elcira akapanda nyuma ya lori, akaingiza mkono chini ya mashua, katikati. Ulipita bila kugusa kitu. Mkuku, ule ubao mnene unaopita chini ya mashua toka mbele hadi nyuma, ulikuwa ukining'inia hewani.

"Unaona?" Bi Nolfa alisema. "Mashua inasimama kwa mkuku wake. Huo ndio uti wake wa mgongo. Ubavu ni wa kushikiwa tu, isilale. Sasa ninyi mmeikalisha kwa mbavu, halafu mmeikaba kwa kamba. Angalia pale."

Elcira akaangalia. Kati ya mbao mbili, juu ya gogo la kushoto, pamba ya kuzibia ilikuwa imeanza kutoka nje.

"Ah, hiyo ni kidogo!" Sixto alisema. "Nyumba nazipakia hivihivi na vioo havivunjiki."

"Nyumba ina sakafu bapa, Sixto. Na inavutwa na maksai, hatua kwa hatua. Hii itarushwa kwenye changarawe siku nzima. Haitafika na mbavu zake."

"Yaani niwaambie watu wote hawa turudi? Baada ya kula?"

Watu waliacha kuimba, wakasogea karibu. Kutoka bandarini honi ya feri ililia. Rosamel akatazama saa, kisha akamtazama mkewe.

"Tukirudi, feri hii imetuacha," alisema kwa sauti ndogo. "Nyingine ni wiki ijayo. Shule itafunguliwa hatupo."

Elcira alihisi macho ya watu yote usoni kwake. Alimpenda shemeji yake. Hakutaka kumtia aibu mbele ya kijiji chake. Lakini mkono wake bado ulikuwa chini ya mashua, mahali ambapo palipaswa kuwa na mbao na palikuwa na hewa tu.

"Turudi," alisema.

"Shemeji..."

"Shemeji, ulinifanyia wema na nitausema popote. Lakini mashua hii ndiyo nyumba yangu, ndiyo shule ya wanangu. Sina kondoo wengine wa kuuza. Ikifika imepasuka, nitailaumu feri? Geuza lori, Rosamel."

Rosamel akageuza lori. Feri ikaondoka bila wao, nao wakaiona ikipita mbali wakati wakiishusha mashua. Sixto alikasirika kweli. Alikaa bandani peke yake na hakutaka kuongea na mtu.

Asubuhi iliyofuata alitoka na msumeno.

"Bi Nolfa," alisema, "sema mbao za ukubwa gani, kabla sijabadili nia."

Wakaanza kazi. Kwanza walitengeneza kitanda cha mbao cha urefu wa mashua, mkuku wote ulale juu yake bila kuning'inia popote. Kisha pembeni wakaweka nguzo fupi za kuishikia, kila nguzo ikiegemea mahali penye taruma ndani, yaani mbavu zenyewe, siyo kwenye ubao mtupu.

"Kati ya nguzo na mashua weka kitu laini," Bi Nolfa alisema.

"Ngozi za kondoo zipo," Elcira alisema. "Walau hizo hatukuuza."

Fundi wa mashua akaitwa, akarudishia pamba iliyotoka. Injini ikavuliwa na kufungwa peke yake. Makasia, ndoo na kila kitu kinachoweza kurukaruka vikatolewa. Kizibo cha chini kikafunguliwa, ili mvua ikinyesha maji yatoke. Wakafunga mikanda mipana badala ya kamba, ikivuta kwenda chini, wala haikukaba mbavu.

"Sasa pima kutoka ardhini hadi juu kabisa," Bi Nolfa alimwambia Rosamel. "Na upana pia. Ulizia madaraja na vibali kabla ya kuondoka. Usiende kubahatisha mbele ya daraja."

"Na tukiwa njiani?"

"Ukitoka tu, simama baada ya mwendo mfupi ukaze mikanda. Mzigo hujikalisha, mikanda ikalegea. Halafu kuna upepo wa huko kwenu. Huo unakausha mbao, mbao zinasinyaa, nafasi zinafunguka. Tandika magunia ndani, uyaloweshe. Yakikauka, lowesha tena."

"Nimwagilie mashua kama bustani?" Rosamel aliuliza.

"Kama bustani. Na wakucheke mpaka watoke machozi."

Safari hii Sixto ndiye aliyecheka sana.

Feri iliyofuata iliwapeleka salama hadi Chacabuco. Barabarani Rosamel alisimama, akakaza mikanda. Akasimama tena, akakaza tena. Milima ikawa mikavu, upepo ukavuma kwa hasira, na changarawe ikaanza. Elcira alipanda nyuma na ndoo kila walipopata kijito. Dereva mmoja wa lori la mbao alipunguza mwendo.

"Mama, umepanda nini humo? Karoti?"

"Nimepanda watoto wa shule!" Elcira alimjibu. "Pita zako!"

Walipofika mji mdogo wenye shule, ulio ufukweni mwa ziwa, wakarudisha kizibo na kuishusha mashua kwenye maji ya kina kifupi. Maji yakaanza kuingia. Yalipenya hapa na pale kati ya mbao, polepole, mpaka yakafunika vidole vya miguu vya Rosamel.

"Mungu wangu, inavuja!" alisema. "Tuitoe!"

Elcira naye aliogopa, kusema kweli. Lakini alikumbuka alivyoambiwa na Bi Nolfa wakati wa kuagana.

"Usiitoe. Ifunge hapohapo ikae. Mbao zinakunywa. Zikishiba zitavimba na kujifunga zenyewe. Mtu asiwashe injini mpaka iache kuvuja," alimwambia mumewe.

Waliikalia zamu, wakichota maji kwa ndoo. Kufikia jioni walichota kidogo. Kesho yake Elcira alipanguza sakafu ya mashua kwa kitambaa, akangoja, akapitisha kiganja. Pakavu. Alikaa juu ya ubao akalia, kisha akafuta uso na kumwambia mumewe airudishe injini mahali pake.

Wakavuka ziwa. Shule ilikuwa imeshafunguliwa siku kadhaa. Walipokaribia kwao walimwona jirani yao, Hardy Cárcamo, amesimama ufukweni na mkewe na watoto. Kando yao palikuwa na vyombo vya nyumbani, jiko, viti, na godoro limefungwa kwa kamba.

"Tulidhani hamrudi," Hardy alisema. "Tunangoja mashua ya serikali ituhamishe. Lakini kwa kuwa mmefika, tupelekeni ninyi. Mlango wa nyumba nimeshaupigilia misumari."

Elcira akaruka majini, akaifunga mashua kwenye mti.

"Ingia kwanza uitazame," alisema.

Hardy akaingia. Alikuwa mtu wa kuamini kwa mikono. Akapiga magoti, akapapasa sakafu yote, kona kwa kona. Akapapasa chini ya ubao wa kukalia. Akakitazama kiganja chake, pande zote mbili.

"Imekuja kwa lori?"

"Kwa lori."

"Toka Chiloé?"

"Toka Chiloé. Sasa sikiliza, Hardy. Mashua hii sikuileta kubeba magodoro. Nipe watoto na mabegi yao ya shule. Wangu wanavaa viatu sasa hivi, wako nyuma karibu wiki nzima na mimi nawavusha leo."

Hardy akainuka. Alimtazama mkewe, na mkewe alikuwa ameshaanza kuwafunga watoto vifungo vya makoti. Basi akashuka kwenye mashua, akaliinua godoro kichwani, akaanza kupanda nalo kilimani kuelekea nyumbani kwake, akimwita kwa sauti Rosamel amletee nyundo ya kung'olea misumari.