Anwani ya Nadine

Ukikutana na mtu wa St. Louis kwa mara ya kwanza, hatakuuliza kazi yako wala kwenu. Atakuuliza ulisoma sekondari wapi. Ukishajibu tu, ameshajua mtaa uliokulia, kanisa la mama yako, na kama baba yako aliendesha gari jipya au bovu la kusukuma. Sisi tuliozaliwa hapa tunaulizana hivyo hata msibani, na hatuoni haya.

Nadine Tolliver alilichukia swali hilo kuliko ushuru.

Ijumaa moja ya Kwaresima alikuwa kwenye foleni ya kununua samaki wa kukaanga katika ukumbi wa kanisa, foleni iliyoanzia jikoni, ikazunguka meza za bahati nasibu, ikatokeza mlangoni hadi kwenye baridi. Harufu ya mafuta ya moto ilikuwa imeingia kwenye makoti ya watu wote. Alivaa sweta ya rangi ya haradali na hereni kubwa za mbao. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na talaka moja, mtoto hakujaliwa. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu aliyevaa koti la kazi la buluu, na mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba.

"Samahani, kaka," Nadine akashindwa kuvumilia. "Hiyo miwani imekukosea nini?"

"Niliikalia."

"Ndiyo ukaifunga waya wa umeme?"

"Mimi ni fundi wa lifti, dada yangu. Kwangu waya ni dawa ya kila kitu."

"Lete hapa. Usinitolee macho, natengeneza miwani, ndiyo kazi inayonilisha."

Alichomoa bisibisi ndogo kwenye mkoba, akafanya kazi huku foleni ikisogea. Walipofika kwenye sahani, miwani ilikuwa imenyooka. Mwanamume yule aliivaa, akamtazama Nadine kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu.

"Sasa naona."

"Unaona nini?"

"Naona nimekosa mengi."

Nadine alicheka mpaka akamwaga saladi ya kabichi. "Maneno hayo mnafundishwa kwenye lifti?"

"Kwenye lifti hakuna anayemsemesha mwenzake. Haya nimeyaweka miaka mitano, tangu mke wangu afariki. Naitwa Desmond Kirksey. Binti yangu yule pale anatuwekea viti." Alionyesha msichana mwembamba wa miaka kumi na minne aliyekumbatia sanduku la tromboni, tarumbeta ndefu ya kuvuta. "Na wewe ulisoma sekondari wapi?"

"Kwingi," Nadine akasema. "Kula samaki wako, wanapoa."

Walikula pamoja meza moja. Kufika Pasaka walikuwa wanapigiana simu mara mbili kwa siku.

"Umeamkaje, fundi?"

"Nimening'inia ghorofa ya kumi na tisa, mpenzi, nakuwaza wewe."

"Usiniwaze! Waza hiyo kamba!"

Ikawa kwamba walikuwa wanakaa barabara moja, Fendler, hatua mia nne kutoka mlango hadi mlango. Lakini Fendler ndiyo mpaka, na mtoto husoma upande anakokaa. Upande wa kusini, alikokaa Nadine, ni Carrow Park, na watoto wake huenda sekondari ya Carrow Park, yenye bwawa la kuogelea na orodha ndefu ya waliopata vyuo vikuu. Upande wa kaskazini, alikopanga Desmond, ni Langdon, na sekondari yake ina paa linalovuja kila masika. Matofali ni mekundu yale yale pande zote mbili. Watu wenye watoto huuza dhahabu za bibi zao ili wavuke barabara ile.

Nadine alivuka bila mtoto. Alifanya kazi miaka kumi na miwili bila likizo ya maana, akanunua kijumba chenye veranda, na rafiki zake wakamshangaa. Hakumweleza mtu sababu.

Julai, Jumapili, Desmond alikuwa anachoma nyama kwenye ua wa Nadine, shati jeupe limemganda mgongoni kwa joto. Alifuta mikono, akapiga goti kando ya miche ya nyanya, akatoa pete.

"Nadine, mimi si mtu wa maneno mengi."

"Muongo."

"Basi leo yameniishia. Nioe mimi. Namaanisha, nikuoe. Tarehe ishirini na sita, mahakamani, sisi wenyewe tu. Tuhamie kwako, mimi na Joella."

Nadine alicheka na kulia kwa pamoja. Alisema ndiyo, akampa busu lenye moshi wa nyama, na usiku huo akalala na pete kidoleni.

Jumatano Desmond alikuja kumrekebishia bomba. Akiwa amelala chini ya sinki aliita, "Mpenzi, niletee miwani, iko kwenye kidroo cha gari."

Nadine alifungua kidroo. Miwani ilikuwa juu ya karatasi. Karatasi ilikuwa fomu ya kujiunga na sekondari ya Carrow Park. Jina la mwanafunzi: Joella Kirksey. Anwani, kwa herufi kubwa za fundi, ilikuwa ya Nadine. Sehemu ya sahihi ilikuwa tupu.

Alirudi jikoni akaiweka sakafuni, karibu na uso wa Desmond.

"Hii nini?"

Desmond alitoka chini ya sinki polepole. "Fomu."

"Naona ni fomu, na mimi nilipelekwa shule. Mwisho wa kuandikisha lini?"

"Tarehe thelathini."

"Na ndoa umetaka lini?"

Desmond aliweka spana sakafuni.

"Nakuuliza kitu kimoja, Desmond, na usinidanganye. Joella angekuwa na miaka minane, ungenitaka ndoa mwezi huu?"

Hapo mwanamume mwingine angesema ndiyo, mambo yakaisha. Lakini Desmond hakujua kudanganya, na ni jambo ambalo Nadine alimpendea tangu siku ya samaki.

"Mwezi huu?" akasema. "Hapana. Ningengoja kidogo. Lakini ningekuomba tu, Nadine. Wallahi ningekuomba. Ni kwamba mama yake alinishika mkono hospitali, akaniambia nimsomeshe pazuri. Na wewe uko pale, na shule iko pale, nikaona mambo yote mawili..."

"Ukaona ununue kimoja upewe cha pili bure."

"Sikuisaini."

"Kwa nini hukusaini?"

"Mkono ulikataa. Nilitaka kwanza nikwambie."

"Hukuniambia." Nadine aliketi. Sauti yake ilishuka. "Uliniuliza nilisoma wapi. Nitakujibu leo. Mama aliandika anwani ya shangazi yangu, nikaingia Carrow Park. Miaka miwili. Kila siku nashukia kwa shangazi, nangoja basi lipotee, navuka Fendler narudi kwetu. Mwaka wa pili kuna mtu, katumwa na shule, alikuwa ananifuata kwa gari la kijivu, ana kamera. Wakanitoa katikati ya somo la kemia. Katibu wa mkuu wa shule akanisindikiza nirudishe vitabu, na madarasa yote milango wazi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama yangu aliitwa mwizi mbele yangu, mwizi wa kiti cha darasani. Nikaapa nitakuwa na anwani yangu, na haitaazimwa na mtu."

"Nadine, mimi nisingeazima. Tungekuwa tumeoana."

"Ndiyo hiyo inayoniuma zaidi."

Alivua pete, akaiweka juu ya fomu. Desmond alimalizia bomba kwa sababu maji yalikuwa yanavuja, halafu akaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa wote wawili. Nadine alikata lenzi vibaya mara tatu kazini. Jioni alikaa verandani, akiogopa kutazama kaskazini, na bado akitazama. Alimpenda mtu yule. Hilo halikupungua hata kidogo, na ndilo lililomkasirisha.

Kwa upande wake, Desmond alikuwa mezani na Joella, wanakula makaroni, akimweleza kwamba itabidi atafute nyumba nyingine Carrow Park, hata chumba kimoja, walale kwa zamu.

"Baba," Joella akasema, "kuna mtu ameniuliza mimi?"

"Kukuuliza nini?"

"Nataka wapi. Wewe, bibi, wajomba, wote mnaongea juu ya kichwa changu. Unajua tangu Juni nafanya mazoezi na bendi ya Langdon pale bustanini? Bwana Eckles amenipa sehemu ya kwanza ya tromboni. Ya kwanza, baba. Carrow Park wana tromboni kumi na moja. Huko nitakuwa wa kubeba viti."

"Mama yako alitaka usome pazuri."

"Alikwambia Carrow Park?"

Desmond alifikiri. Mkewe hakumwambia Carrow Park. Jina hilo aliliongeza yeye mwenyewe, kwa kuwa kila mtu mjini huliongeza. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda Langdon. Aliona ndoo sita za kukinga maji ya paa. Aliona pia mwalimu wa hisabati amekuja likizoni kufundisha watoto wanne bila malipo. Alirudi nyumbani bila uhakika, akawaza siku mbili nzima.

Tarehe thelathini simu ya Nadine iliita.

"Sikupigii kukuomba kitu," Desmond akasema.

"Sema basi."

"Joella nimemwandikisha Langdon. Nilitaka uisikie kwangu."

"Umefanya ili mimi nione?"

"Hapana, mama. Ni yeye aliyetaka. Halafu ndiko tunakokaa."

Nadine alisikia kengele ya lifti upande wa pili, na milango ikifunguka na kujifunga.

"Miwani inakaa vizuri?" akauliza.

"Mkono wa kushoto umelegea."

"Usije ukaifunga waya." Akakata simu, akajilaumu kwa kuikata.

Jumamosi ya tatu ya Septemba bendi ya Langdon ilipita barabara ya Fendler mchana kweupe, kufungua msimu wa mpira. Watu walitandaza viti vya kukunja pande zote mbili. Sare zilikuwa za zamani, suruali ya Joella imekunjwa kwa pini, lakini tromboni yake ilitangulia na ilisikika hadi kwenye maduka. Nadine alitoka verandani kwake akiwa na gauni la kijani na viatu vya wazi. Alisimama ukingoni. Ng'ambo alimwona mwanamume mrefu, mdomo wazi, analia bila kujificha, na kwenye miwani yake umezungushwa waya wa shaba.

Bendi ilipopita, Nadine alivuka.

"Nilikwambia nini kuhusu waya?"

"Fundi wangu alininyima huduma."

"Lete hapa." Bisibisi ilikuwa tayari mkononi, alitoka nayo nyumbani, asingeweza kusingizia bahati. Alikaza skrubu huku Desmond akimtazama bila kumwona vizuri.

"Tarehe thelathini imepita," Desmond akasema. "Sina haraka tena. Naweza kukuuliza Krismasi. Naweza kukuuliza Joella akimaliza shule. Nitauliza tu, siku utakayoniambia wewe."

"Niulize sasa."

"Nadine..."

"Subiri. Mkihamia kwangu, Joella ni wa Carrow Park. Watamhamisha."

"Mimi sihami!" Joella alikuwa ametokea nyuma yao, jasho linamtoka, kofia ya manyoya kwapani. "Shikamoo, Bi Nadine. Umekuja! Lakini sihami."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusikia tangu mlipokuwa kule kwa muuza viatu." Nadine alimvisha Desmond miwani, akageuka kuitazama veranda yake ng'ambo ya barabara. "Niliinunua nyumba ile ili watu fulani wanione nimo ndani. Miaka tisa, Desmond, na hakuna hata mmoja aliyepita kuchungulia. Sasa niulize."

Aliulizwa. Jibu lake lilizimwa na ngoma za bendi ya shule nyingine iliyofuata nyuma, lakini Joella alilisikia na kuruka juu.

Nadine alihamia kwa Desmond, na nyumba yake akaichukua mama mmoja mwenye wavulana watatu, aliyetia sahihi mkataba wa upangaji papo hapo. Wiki moja kabla ya ndoa, Oktoba, Nadine na Joella walikwenda ofisi ya Langdon kujaza kadi ya mtu wa kupigiwa simu mtoto akiugua. Karani alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani inayoteleza puani.

"Wewe ni wa hapa hapa, dada?" karani akauliza. "Ulisoma sekondari wapi?"

"Miaka miwili Carrow Park, kwa anwani ya shangazi," Nadine akasema. "Wakanifukuza. Miaka miwili ya mwisho hapa. Kabati langu lilikuwa kwenye korido ile, karibu na ndoo."

"Ndoo bado ipo," karani akasema, akamsogezea kalamu.

Nadine aliandika jina lake. Kwenye anwani aliandika ya nyumba ya Desmond, namba, barabara, ghorofa, bila kufuta hata herufi moja. Kisha akafungua mkoba, akatoa bili ya umeme ya nyumba ile, ambayo sasa ilikuwa kwa jina lake, akaikunjua juu ya kaunta.

"Aa, kwa kadi hii hatuhitaji uthibitisho," karani akasema.

"Najua," Nadine akasema. "Itazame tu, tafadhali."

Karani alimtazama Nadine usoni, akamtazama Joella, halafu akapandisha miwani yake. Alipitisha kidole kwenye jina, akakishusha hadi kwenye anwani, akalinganisha na kadi mstari kwa mstari.

"Iko sawa, mama," akasema. "Ni hapa unapokaa."