Besi Isiyo na Vyuma

Saa nane mchana, mama aliyekuwa hajatoa sauti kwa miaka miwili aliimba kwa mdomo uliofumbwa. Sauti moja tu, nzito, ndefu. Mwanawe, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na gita la besi mapajani, aliacha kupiga. Ile sauti iliendelea kidogo peke yake, ndipo ikakatika. Ilikuwa imeangukia katikati ya noti mbili, mahali ambapo hakuna noti. Hilo mwanawe hakulijali. Alilia kama mtoto.

Tuseme ukweli, hata wewe ungelia. Kiharusi kilimwangusha mama akianika nguo, kikamuua upande wa kulia na kumfunga ulimi. Vilivyobaki ni vidole vya mkono wa kushoto, navyo aligongea ubao wa kitanda: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Uji? Ko. Nikugeuze? Ko-ko. Miaka miwili ya kugeuzwa, kufutwa na kulishwa kwa kijiko, si mchezo. Mwanawe, ambaye wenzake wa bendi walimwita Taratibu kwa vile hata chai aliikoroga kama anaogopa kuiamsha, alipiga muziki hotelini wikendi, na siku nyingine alishinda na mama. Mkewe alishona nguo za watu sebuleni. Wote wawili walikuwa wamechoka mpaka wakaacha kuambiana kwamba wamechoka.

Besi yenyewe haikuwa kitu cha kumringia mtu. Gita la mtumba, bei poa, zito kama mlango. Taratibu alikuwa akitamani besi isiyo na vyuma, ile ambayo kidole kinateleza kwenye uzi na sauti inalia kama binadamu, lakini za dukani zilikuwa juu ya uwezo wake. Basi akachukua koleo, akang'oa vile vyuma vyembamba ishirini vinavyoikata shingo ya gita, kimoja kimoja, akavitia kwenye kopo la maziwa. Mifereji iliyobaki akaiziba kwa unga wa mbao na gundi, akapiga msasa, akapaka vanishi. Ikapendeza. Mchana wa kwanza kuipiga ndio ule mama aliimba.

Wiki ya pili mama alisema.

"Mwanangu."

"Mama!" Taratibu aliruka. "Mke wangu, njoo! Mama kasema!"

"Nyuzi hizi zinakwaruza," sauti ya mama iliendelea. "Weka laini."

Mke alisimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. "Mama kajulia wapi mambo ya nyuzi?"

"Miaka miwili ananisikiliza. Atakosaje kujua?"

Taratibu akaweka nyuzi laini, zile zilizobapa. Mama akatoa sentensi nzima. Kisha akalalamika kwamba sumaku zinazonasa sauti ni mbovu, zinambana. Taratibu hakujiuliza zinambana nani. Akatafuta mpya, akazilehemu mwenyewe juu ya meza ya jikoni. Mama akacheka. Taratibu akabadilisha na vigingi vya kukazia nyuzi, na siku hiyo mama akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo hata mkewe hakuwahi kulisikia. Na kila alipopiga, vidole vya mkono wa kushoto viligonga ubao. Ko-ko. Ko-ko. Ko-ko.

"Unaona?" alimwambia mkewe, uso umenawiri. "Anashika mapigo. Muziki uko kwenye damu ya familia hii."

"Mbona haendi na wimbo?"

"Atakwenda. Mpe muda."

Mke alirudi sebuleni. Alikuwa amegundua kwamba mama, wakati anagonga, hamtazami mwanawe. Alikuwa anamtazama yeye, mkwe, na yale hayakuwa macho ya mtu anayestarehe.

Baadaye nyumba ikaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya kulehemu, ule moshi mkali wa risasi inayoyeyuka, unaoganda kooni, na ilikuja hata siku ambazo hakuna aliyelehemu chochote. Mke alifungua madirisha, akamlaumu jirani, akarudi kwenye cherehani. Alipokanyaga pedali alisikia mngurumo chini ya mlio wa mashine, na alipoacha kukanyaga mngurumo haukuacha, ukapanda polepole kwenye miguu ya kiti, ukaingia kwenye vikombe vilivyopangwa kabatini vikaanza kutetema kimoja baada ya kingine, ukashuka, ukapanda tena, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

Jumatano, Taratibu alikuwa anapiga na mke anamnywesha mama maji. Alitia kijiko. Mashavu ya mama yalikuwa bado yamejaa, hajameza, tone likimshuka kidevuni, na sauti ya mama ikasema wazi kabisa, bila kukwama popote:

"Mwambie huyu mwanamke atoke."

Kijiko kikaanguka. Mke alimshika mumewe mkono, akamvuta hadi jikoni, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo, na hata hapo alinong'ona kana kwamba mlango nao una masikio.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Maji yalikuwa mdomoni, mume wangu. Yalikuwa mdomoni!"

"Nimeona, nimesema."

"Sasa niambie kitu kimoja. Hayo mapigo unayosema anashika. Huwa anagonga mara ngapi?"

Kupitia ukutani walimsikia mama. Ko-ko. Ko-ko. Taratibu alikaa chini palepale sakafuni. Miezi mitatu mama alikuwa akimwambia hapana, hapana, hapana, naye akimsifu kwa kushika mapigo. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Mganga alikuja kesho yake adhuhuri, mwanamke mtu mzima, viatu mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Aliomba kiti kwanza. Kisha akainama karibu na besi, akainusa, hakuigusa.

"Wengi wanaoniita wameleta kitu ndani," alisema. "Wewe umetoa nini?"

Taratibu akaleta kopo.

"Haya, ndiyo maana. Jini wa gita hili alikuwa kabanwa na chuma kwenye vyumba ishirini, kila kimoja na kuta zake, hata kujinyoosha hawezi. Ukamvunjia kuta zote. Hukutosheka, ukamtandikia nyuzi laini, ukamwekea na sumaku mpya. Baba wewe, umemjengea jumba! Ahame aende wapi?"

"Lakini bibi, hivi si chuma hasa, ni mchanganyiko wa..."

"Kwani yeye fundi wa madini? Rudisha, vyote ishirini."

Taratibu aligeuza geuza kopo mikononi. "Na mama? Ataendelea kusema?"

Mganga alivaa kiatu kimoja, akapumzika, akavaa cha pili. "Ile sauti si yake. Akifungiwa tena, anafungiwa nayo."

Mchana ule Taratibu alichokoa gundi kwenye mifereji, akaanza kupigilia vyuma kwa nyundo ya mpira, mbele ya mama, kwa sababu mganga alitaka iwe hivyo. Cha tano sauti ilimbembeleza. Cha kumi ilimwimbia wimbo aliobembelezewa akiwa mchanga. Cha kumi na tano ililia, "Mwanangu, unanizika," na harufu ya risasi ilijaa chumba mpaka mkewe akatapika mlangoni, na vikombe vikapasuka sebuleni, na bado kila chuma kilipokaa, vidole vya mkono wa kushoto viligonga ubao mara moja tu. Ko. Kingine. Ko. Mpaka cha ishirini, na kimya.

Mama alilala usingizi mzito. Mke akafagia vigae vya vikombe. Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, walilala bila kuamka.

Maisha yakarudi yalivyokuwa. Uji? Ko. Nikugeuze? Ko-ko. Taratibu aligeuza, akafuta, akalisha. Kilichomtesa hakumwambia mtu. Hakuna mwingine duniani aliyelijua lile jina lake la utotoni, na aliyelijua alikuwa amelala mbele yake, hawezi kulitamka. Alimkumbuka mama yake kama aliyekufa, ilhali wako chumba kimoja. Uchovu huo ulimshinda kuliko ule wa kwanza.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mke akiwa ametoka kupeleka nguo za mteja, Taratibu alikaa ukingoni mwa kitanda na besi mapajani. Mkononi alikuwa na koleo.

"Kimoja tu, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Nisikie ukiniita mara moja, kisha nakirudisha. Nimechoka, mama yangu."

Ko-ko.

Safari hii alielewa vizuri, hakujidanganya.

Ko-ko. Ko-ko. Ko-ko.

Chuma kikang'oka. Harufu ya moshi ikaja taratibu, kutoka kusikojulikana. Kisha sauti ya mama yake, laini, yenye upendo wote anaoukumbuka, ikamwita kwa lile jina.

"Usimsikilize huyo," ikasema. "Toa na cha pili."

Vidole viligonga kwa nguvu zote zilizobaki. Taratibu alifuta machozi kwa bega, akasogeza koleo kwenye chuma cha pili.