Ukuta Uliokula Tuta

Fundi cherehani alipuliza mashine yake, akaifuta, akapuliza tena. Bado ilikwaruza. Mchanga! Alikuwa ameufagia alfajiri, na sasa ulikuwa umerudi. Ulikuwa kwenye vitambaa, kwenye unga, hata kwenye shuka za kulalia. Gauni la bibi harusi lilikuwa mezani, na ukilipapasa lilikwaruza kama msasa.

"Nimechoka!" alimwambia mumewe. "Nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichoka!"

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kabla ya bahari. Nyuma yake palikuwa na tuta kubwa la mchanga. Upepo ulilirundika tangu zamani, na majani yanayotambaa yakalifunika. Kwa miaka mingi tuta halikumsumbua mtu. Watu walikwenda ufukweni kwa njia ya zamani, upande wa pili. Kisha zikajengwa nyumba mpya za wenye nazo, na njia ile ikafungwa kwa geti. Tangu hapo mji mzima ulipita juu ya tuta, nyuma ya jiko la fundi cherehani. Kila mtu na kinjia chake. Majani yakakanyagwa yakafa, na upepo ukapata kazi ya kufanya.

Mumewe alikuwa mwashi, na mwashi dawa yake ni moja.

"Nitakujengea ukuta," alisema. "Huo mchanga utagonga mwamba."

Alichukua toroli na koleo. Mchanga wa kujengea akauchota papo hapo, kwenye tuta. Aende mbali kutafuta nini? Ukuta ukapanda, tuta likashuka. Katikati ya tuta pakawa na pengo, na bahari ikaonekana vizuri kutoka jikoni. Upepo nao ukaingia vizuri zaidi. Sasa mchanga uliruka juu ya ukuta na kumwagika sufuriani.

"Ukuta gani huu?" fundi cherehani alifoka. "Umeziba au umefungua mlango?"

"Subiri niongeze tofali mbili tatu."

"Ongeza! Ongeza mpaka mbinguni!"

Katika ugomvi huo huo wifi yake aliingia. Huyu alikuwa dada wa mwashi, mfanyakazi wa ofisi ya mazingira ya mji. Alikuja kuchukua nguo aliyoshonewa, lakini jicho lake likaenda kwenye pengo.

"Kaka, nani amechimba pale?"

Mwashi alijikuna kichwa. "Mchanga ulikuwa unatusumbua, dada."

"Na wewe ukausaidia! Wifi, umeona ndugu yangu alichokufanyia?"

"Nakiona kila siku, wifi. Tena nakila."

Walipanda tuta wote watatu. Sehemu moja majani yalikuwa bado hai. Wifi alikwangua mchanga kwa mkono, mizizi mingi ikaonekana, imesukana.

"Hebu vuta mmoja," alisema.

Fundi cherehani alivuta kwa mikono miwili. Mzizi haukutoka.

"Mizizi hii ndiyo inayoshona mchanga usitembee," wifi alieleza. "Majani yakikanyagwa, mshono unafumuka. Lakini upepo ni shida ndogo. Bamvua likija, bahari inapanda sana. Mawimbi yanakula tuta kwanza. Yakitulia, bahari inarudisha mchanga polepole, na upepo unaurundika tena kwenye majani. Tuta linapigwa badala ya nyumba yako. Sasa hapa penye pengo, maji yatapiga nini?"

Fundi cherehani aligeuka. Pengo lilitazamana na mlango wa chumba chake cha kushonea.

"Si kuna ukuta?" mwashi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukuta wa mchanga wa chumvi? Tazama chini." Plasta ya ukuta ilikuwa imeanza kubanduka. "Bamvua litaondoka nao."

"Basi hapiti mtu hapa tena!" fundi cherehani alisema. "Naweka seng'enge!"

"Wapite wapi, wifi? Ufukwe ni wa watu wote. Wao wameweka geti, wewe uweke seng'enge, watoto wa mji huu bahari wataiona kwenye picha?"

Maneno hayo yalimuuma, maana yalikuwa kweli. Aliyestahili hasira zake ni yule aliyefunga njia.

"Na ofisi yenu ilikuwa wapi geti likiwekwa?" aliuliza.

Wifi aliinamisha macho. "Tulilala. Hilo ni kosa letu."

Kesho yake walikwenda na majirani kwa msimamizi wa zile nyumba mpya. Wifi alimwambia njia ile ni ya umma, na lazima aifungue.

"Wakazi wetu wanataka utulivu," msimamizi alijibu. "Njooni wiki ijayo."

"Wiki ijayo?" Fundi cherehani alicheka kwa hasira. Alirudi nyumbani, akambebesha mumewe mashine, akarudi kuiweka katikati ya geti kuu, wanapopita magari. Akaketi, akaanza kushona gauni la harusi. Gari likaja, likapiga honi. Akaendelea kushona. Majirani wakaketi naye, na magari yakapanga foleni ndani na nje.

"Mama, unafanya nini hapa?" msimamizi aliuliza, jasho likimtoka.

"Nashona. Kwangu kuna mchanga, hapa kuna utulivu."

Jua halikuzama kabla geti la njia ya zamani halijafunguliwa.

Kazi ya tuta ilifuata. Vinjia vyote vilifungwa kwa kamba. Iliachwa njia moja tu, ya mbao, iliyoinuliwa juu ya majani na kupindishwa ili upepo usipite moja kwa moja. Lori la mji lilileta mchanga, na mwashi akajaza pengo kwa toroli lake.

"Fundi, unajenga ghorofa?" majirani walimtania.

Mwashi alipanda majani yale yanayotambaa, kipande kwa kipande, na majani yakashika.

Bamvua likaja mchana mmoja, na upepo mkali. Mawimbi yalipiga tuta, mchanga ukameguka mapande mapande. Fundi cherehani alisimama mlangoni kwake, mikono kichwani. Hatimaye bahari ikarudi nyuma. Tuta lilikuwa limeliwa upande mmoja, lakini lilikuwa limesimama. Uani hapakuwa na tone la maji.

Mwashi alishindwa kujizuia. Aliruka kamba, akapanda tuta kutazama.

"Wewe!" mkewe alipiga kelele. "Shuka hapo!"

"Naangalia tu, mke wangu."

"Kaangalie kwenye mbao kama watu wote! Hiyo unayoikanyaga ni nyumba yangu!"

Mwashi alishuka, akazunguka, akapita juu ya mbao.