Mafuta Yepi, Baba Restuta?

Kila asubuhi Anyesi alifagia uwanja, akachota maji, kisha akaenda kutazama magunia. Yalikuwa tisa, yote ya alizeti, yamepangwa chumba cha mbele. Mwaka huo, kijijini kwao Mkonze, mahindi yao yalikaukia shambani. Alizeti ndiyo iliyovumilia jua. Wakiikamua na kuuza mafuta yake, wangenunua mahindi ya kula mpaka mavuno. Wasipoikamua, wangekula nini?

Asubuhi moja alikuta gunia limetobolewa na panya.

"Baba Restuta!" aliita. "Njoo uwaone wateja wako!"

Mumewe, Matonya, alitoka na redio mkononi.

"Subira, mke wangu. Vita imepamba moto huko ng'ambo. Wametangaza tena leo, bei ya mafuta inapanda. Na sisi mafuta tunayo ndani! Tungoje kidogo."

"Wiki ya sita hii unangoja kidogo."

"Vita haijaisha."

"Kwa hiyo unaomba isiishe?"

Matonya aliongeza sauti ya redio. Anyesi akajifunga kanga kiunoni.

"Nimechoka. Twende kwa Nasra. Akisema tungoje, nitangoja na panya wako."

Nasra alikuwa fundi wa mashine ya kukamua alizeti. Alitoka Kondoa, na wakulima walimpenda kwa sababu hakuficha neno. Walimkuta akiandika bei mpya ya kukamua ukutani kwa chaki.

"Shikamooni."

"Marahaba," Matonya alijibu. Kisha akasoma ukuta. "Aa! Umepandisha tena? Ninyi watu wa Kondoa mtatumaliza!"

"Siyo Kondoa, mzee wangu. Ni dizeli. Mashine hii hainywi uji. Mafuta yamepanda, hujasikia redioni?"

"Nimesikia! Ndiyo maana sijaleta alizeti. Nangoja mafuta yapande zaidi."

Nasra alishusha chaki.

"Mafuta yepi, baba Restuta?"

"Mafuta. Yanayopanda."

"Yanayopanda ni petroli na dizeli. Mafuta ya ardhini. Wewe una ya kukaangia maandazi!"

Anyesi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wiki sita!"

"Lakini mafuta si ni mafuta?" Matonya alisema, sauti imepungua.

"Umewahi kuona kifaru cha vita kikiwekwa alizeti?" Nasra aliuliza. "Huenda ya kwako nayo ikapanda kidogo. Lakini dizeli ya kukamulia imepanda zaidi. Na lori la kuleta mahindi kutoka Kibaigwa linatumia dizeli hiyo hiyo. Kila wiki unayongoja, mahindi yanakukimbia."

Matonya alikaa juu ya gunia la mashudu.

"Sasa hao wanagombania nini? Redioni kila upande unasema unapigania haki."

"Kila anayepigana ana neno zuri," Nasra alisema. "Wewe ni mfugaji pia. Watu wakipigana fimbo kisimani, husema wanapigania nini?"

"Heshima. Fulani kamdharau fulani."

"Mbona hawapigani penye kisima kilichokauka? Huko hakuna dharau?"

Matonya alicheka bila kutaka. "Huko hakuna maji."

"Basi. Sisemi kila vita ni ya mafuta. Watu wana chuki za zamani, wana hofu, wana mipaka. Lakini tazama mahali wanapopigana. Ni penye visima vya mafuta, na penye njia ya meli zinazoyabeba. Anayeshika hapo anashika mfuko wa dunia."

"Na nani anafaidi?" Anyesi aliuliza.

"Anayeuza silaha. Na mwenye visima ambavyo bomu halijavifikia. Yeye anauza yale yale kwa bei kubwa. Watu hao hawana haraka ya amani. Kila asubuhi wanasikiliza habari, wanasema, tungoje kidogo."

Matonya alitazama miguu yake.

"Kama mimi," alisema.

"Wewe ulikosea neno tu, mzee wangu."

"Hapana. Mke wangu aliniuliza kama naomba vita isiishe. Sikumjibu, kwa sababu ni kweli."

Anyesi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Aliyaacha. "Nenda kaazime mkokoteni," alisema.

Jioni alizeti yote ilikuwa imekamuliwa. Walibaki na mashudu ya kulishia kuku. Wiki hiyo hiyo waliuza mafuta, wakanunua mahindi na kuyahifadhi vizuri, mbali na panya. Baada ya hapo bei ya mahindi ilipanda mara mbili, lakini wao walikwisha kununua.

Mwezi wa kumi na mbili jirani yao Ernest alifika amenuna. Naye alikuwa ameficha alizeti tangu siku zile, kwa kumwiga Matonya.

"Umesikia?" Ernest alisema. "Wanataka kupatana. Wakisimamisha vita, sisi tumekwisha!"

"Sisi akina nani?" Matonya alisimama. "Kuna mama huko anazika mwanawe leo, Ernest. Mkulima kama sisi. Utamwambia asubiri, bei bado haijapanda vizuri?"

Ernest alikaa kizingitini.

Matonya alimshika bega. "Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Una magunia mangapi?"

"Sita."

"Haya. Twende tukaazime mkokoteni tuyabebe. Nasra hajafunga bado."